Godspeed: Neno la Kheri Lililomkosanisha MC Kijana na Mshenga Wake

Hapa mjini kuna MC wawili wa harusi, mmoja mkubwa na mmoja kijana, waliokaa wiki saba bila kupigiana simu. Hawakugombania hela. Hawakugombania mwanamke. Kilichowagombanisha ni neno moja la Kiingereza, herufi nane tu, lililoandikwa chini ya picha Instagram. Majina yao hayatajwi hapa. Ambao mshawajua, kaeni nayo.

Mkubwa keshapita miaka hamsini na ameshika maiki kwenye kumbi za Dar tangu enzi za mikanda ya video. Kijana alimfuata akiwa ndio kwanza kamaliza form four, hana mbele wala nyuma, akaanza kwa kubeba nyaya na kupanga spika. Baadaye akawa anaachiwa dakika kumi za kuchangamsha ukumbi wakati maharusi wanabadilisha nguo. Halafu kitchen party nzima. Halafu send-off. Miaka sita hiyo. Na kila alipogusia suala la kuongezwa posho au kuachiwa harusi kubwa, jibu la mzee lilikuwa moja: haraka haraka haina baraka, kijana wangu.

Mwaka huu kijana akajitoa. Alisajili kampuni, akanunua spika zake mwenyewe, akapiga picha na suti ya bluu na kuposti tangazo kwamba sasa anajitegemea. Pongezi zikamiminika. Katikati ya pongezi mzee akapita na kuandika: "Godspeed kijana wangu." Basi. Hakuna emoji, hakuna neno la pili.

Sasa Kiingereza cha kijana ni cha kuungaunga, kama cha watu wengi tu mjini. God anamjua. Speed anaijua, tena vizuri, maana Bongo ukisikia spidi cha kwanza kinachokuja kichwani ni vibao vya 50 na trafiki mwenye tochi kajibanza nyuma ya mti. Akaunganisha: Mungu, spidi. Akapeleka kwenye grupu la WhatsApp la washkaji ili wamsaidie. Mmoja akasema huyo anakuombea uende kwa Mungu fasta. Mwingine akasema hapana, anakuambia una haraka na Mungu atakuonyesha. Hiyo ya pili ndiyo ilimchoma zaidi, kwa sababu ilifanana na wimbo alioimbiwa miaka sita.

Kumtetea kidogo: hakukurupuka moja kwa moja. Aliingia mtandaoni kutafuta. Akakuta neno lile lile limeandikwa na watu kibao chini ya picha ya mzee wa Kimarekani, mwanaanga, aliyefariki mwaka 2016. Kwake kesi ikaishia hapo. Neno la kuagia marehemu.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na harusi Mbezi. Katikati ya shoo akadondosha mzaha: kuna wazee wakiona kijana kanunua spika, wanamuombea jeneza. Ukumbi ukacheka sana. Mtu akarekodi, kipande kikazunguka, na kwa sababu watu wa harusi wote wanajuana, kila aliyekiona alijua anayesemwa ni nani. Mzee hakujibu popote. Alitoka tu kwenye magrupu matatu waliyokuwa wote, usiku mmoja, kimya kimya.

Ingeishia hapo ingekuwa bifu la kawaida la wiki mbili. Tatizo ni kwamba yule mzee ndiye mshenga wake.

Ndiyo. Yeye ndiye aliyepeleka barua ya posa nyumbani kwa binti, yeye ndiye aliyekaa kwenye kochi la ugenini akaulizwa maswali, yeye ndiye aliyerudi na jibu la ndiyo. Ilikuwa imebaki siku ya mahari tu. Na wanaojua mambo haya wanajua kwamba mshenga habadilishwi kama fundi wa friji. Familia ya binti inamjua aliyeingia mlangoni na barua. Ukiwaletea sura nyingine katikati ya safari, swali la kwanza ni yule wa mwanzo mmemfanya nini, na la pili ni je, binti yetu naye mtamfanya hivyo hivyo?

Baba wa binti alishafariki, mambo yote anasimamia baba yake mdogo, mwalimu mstaafu wa sekondari aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote. Huyo baba mdogo ndiye aliyemwita kijana nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mshenga wako yuko wapi? Nampigia hapokei."

"Tumepishana kidogo, baba."

"Kakufanya nini?"

"Kaniombea kifo."

"Astaghfiru... yule? Kwa maneno gani?"

(Wao ni Wakristo, lakini Dar hiyo, kila mtu anasema astaghfiru.) Kijana akatoa simu, akaonyesha. Mwalimu akavaa miwani, akasoma, akaivua, akamtazama kijana kwa muda.

"Hapa mbona kakuombea dua?"

Na hapa ndipo watu wengi wangekuwa upande wa kijana, kwa sababu nani alifundishwa shuleni kwamba speed siyo spidi? Lakini mwalimu alikuwa sahihi. Kwenye Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa Uingereza kabla ya uvamizi wa mwaka 1066, neno hili lilikuwa na maana ya mafanikio. Mtu mwenye speed alikuwa mtu aliyefanikiwa, mwenye mali, mwenye uwezo, mambo yake yamenyooka. Kitenzi chake kilikuwa kufanikiwa. Mwendo wa kasi ulikuwa pembeni tu, ukaja kukua taratibu hadi ukamfukuza mwenye nyumba.

Kwa hiyo Godspeed ni sentensi nzima iliyobanwa ikawa neno moja. Ilikuwa "God speed you", Mungu akufanikishe, na imejengwa kama dua kwa namna ile ile Waswahili wanavyosema Mungu akubariki au Mungu akutangulie. Hakuna anayeharakishwa kwenda popote.

Mafanikio yaligeukaje kuwa mbio? Ukikaa ukafikiria siyo ajabu sana. Safari yenye kheri haikwami. Mzigo uliobarikiwa haukai bandarini. Mtu ambaye mambo yake yamekubali utaona anasonga, na anayesonga bila kukwama anafika mapema. Watu wakazoea kuona vitu viwili pamoja, baraka na kufika mapema, mwisho wakaanza kutumia neno la kwanza kumaanisha la pili. Waholanzi, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, wanalo neno hilo hilo, na lao ni spoed, yaani haraka. Lakini wakiongeza kipande mbele na kusema voorspoed, wanamaanisha ustawi, na tegenspoed ni mikosi. Wao kasi wameiweka sebuleni, ila baraka hawakuitupa, wameihifadhi chumba cha ndani.

Kiswahili nacho kina kisa kama hicho. Haraka imetoka Kiarabu, na huko maana yake ni kutembea kwa kitu, mwendo, kutotulia. Ndiyo maana ina ndugu anayeitwa harakati. Mwanaharakati hana lazima ya kukimbia, kuna wanaharakati wako taratibu sana. Neno lilipovuka bahari likaja kukaa pwani, mwendo ukawa mwendo wa pupa.

Baada ya hapo mwalimu akamfanyia kijana jambo ambalo walimu wa zamani walilipenda: akampa methali. Waingereza wana msemo wao, "more haste, less speed". Ni wa siku nyingi, John Heywood aliuweka kwenye mkusanyiko wake wa methali mwaka 1546. Ukiusoma kwa macho ya leo unakuwa kichekesho: ukizidisha haraka unapunguza spidi, kivipi tena? Lakini rudisha maana ya zamani na utauona vizuri. Ukizidisha haraka, unapunguza mafanikio. Yaani ni haraka haraka haina baraka, neno kwa neno, na pale ambapo Mswahili ameweka baraka, Mwingereza ameweka speed.

Hebu ona sasa. Mzee kamwambia kijana miaka sita kwamba haraka haina baraka. Siku kijana anaondoka, mzee kamwombea baraka. Kijana kasikia haraka.

Inasemekana kijana aliposikia hivyo aliomba maji.

Mwalimu hakumwachia. Alikwenda ndani akarudi na Biblia ya Kiingereza, ile ya King James ya mwaka 1611, akafungua Mwanzo 24. Kwa wasioikumbuka hadithi: Ibrahimu ni mzee, anataka mwanawe Isaka aoe kwenye ukoo wao, anamtuma mtumishi wake mkubwa na ngamia kumi kwenda nchi ya mbali kutafuta binti. Yaani mshenga, mchana kweupe. Mtumishi anafika kwenye kisima jioni, wakati wanawake wanatoka kuteka maji, na kabla hajafungua mdomo kwa mtu yeyote anasali. Anaomba siku yake iwe na mafanikio. Na waliotafsiri mwaka 1611, pale pa mafanikio, waliweka speed. Hakuwa anaomba ngamia wakimbie. Ngamia walikuwa wameshapiga magoti.

Kinachonogesha ni mwisho wa hadithi. Rebeka kapatikana, familia imekubali, watu wamekula na kulala. Asubuhi kaka mtu na mama mtu wanasema binti akae kwanza kama siku kumi. Mshenga anakataa, anawaambia msinicheleweshe, Mungu ameshafanikisha safari yangu. Aliomba speed ya zamani akapewa, na kesho yake akaanza kudai na ile ya kisasa.

Kitabu hicho hicho, kwenye Waraka wa Pili wa Yohana, kinatumia God speed pale ambapo Biblia ya Kiswahili inasema salamu. Kwamba mtu anayekuja na mafundisho ya uongo asipewe hata salamu. Kwa hiyo kwa watu wa wakati ule kumwambia mtu God speed lilikuwa jambo zito kidogo, ulikuwa unajihusisha na safari yake. Adui humwambii hivyo. Na enzi hizo hizo, Desemba 1606, meli tatu ziliondoka London kwenda kuanzisha koloni la Virginia, na moja iliitwa Godspeed. Walikaa baharini zaidi ya miezi minne. Aliyeibatiza hakuwa anasifia injini.

Sasa turudi kwa yule mwanaanga marehemu, maana huyo ndiye aliyemponza kijana, na kisa chake ni kitamu.

Anaitwa John Glenn. Februari 20, 1962 alirushwa kutoka Florida ndani ya chombo kidogo kinachoitwa Friendship 7, akawa Mmarekani wa kwanza kuzunguka dunia. Wakati anaondoka, mwanaanga mwenzake Scott Carpenter, aliyekuwa chini, akamuaga kwenye redio: "Godspeed, John Glenn." Glenn mwenyewe hakuisikia pale pale, mawasiliano yake yalikuwa na hitilafu, akaja kujua baadaye kwamba aliombewa. Akazunguka dunia mara tatu kwa muda usiofika saa tano, kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa. Na wadau wa Visiwani mtapenda hii: kwenye mzunguko wa kwanza, akipita juu ya Afrika Mashariki, aliongea na kituo cha Zanzibar. Wamarekani walikuwa wamejenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga pale Tunguu, Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa.

Carpenter alikuja kuulizwa miaka ya baadaye alilitoa wapi neno lile. Akaeleza kwamba kilichokuwa kichwani mwake ni kasi yenyewe, kwa sababu ili Glenn abaki angani asianguke alihitaji spidi ambayo hakuna Mmarekani aliyewahi kuifikia. Ukipata spidi hiyo umepona. Kwa hiyo kwa mtu yule, siku ile, maana mbili zilirudi zikawa moja. Spidi ndiyo ilikuwa baraka.

Glenn alifariki Desemba 8, 2016 akiwa na miaka 95, na shirika la NASA pamoja na watu wengi duniani wakamuaga kwa maneno yale yale aliyoagwa nayo akiwa hai, ana miaka 40, anapanda. Ndicho alichokiona kijana kwenye simu. Hakuona uongo, aliona nusu ya stori. Frank Ocean naye ana wimbo una jina hilo kwenye albamu yake ya Blonde ya mwaka huo huo wa 2016, na wapo waliojifunzia neno hapo wakadhani ni la kuachana tu.

Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa speed kubaki na sura moja ya barabarani, lawama ziende kwa magari. Januari 1896 huko Kent, Uingereza, bwana mmoja anaitwa Walter Arnold alipita Paddock Wood na gari lake kwa maili nane kwa saa, ambayo haifiki hata kilomita 13. Sheria ya wakati ule mjini ilikuwa maili mbili. Polisi akamfukuza kwa baiskeli, akamkamata, na faini ya kosa la mwendo ikawa shilingi moja. Bodaboda wa Mwenge wangelia kwa kicheko. Lakini tangu magari yashike barabara, neno lililokuwa dua likawa pia kosa, na leo ukilitaja mbele ya dereva wa basi anashika breki.

Kijana alitoka kwa mwalimu akaenda moja kwa moja Tandika, nyumbani kwa mzee. Hakupiga simu kwanza, na hilo lilikuwa jambo la busara. Mke wa mzee alimfungulia, akamkaribisha, akamletea chai, hakumuuliza kitu. Mzee alitoka chumbani baada ya nusu saa.

Kijana alieleza yote, Kiingereza cha kale, Isaka, mwanaanga. Alikuwa amejipanga kabisa. Mzee alisikiliza hadi mwisho halafu akasema kitu ambacho kijana hakukitegemea.

"Hayo yote mimi siyajui. Lile neno nililitoa kwenye muvi. Kuna watu wanaondoka na meli, wanaambiwa hivyo. Nikaona ni safari njema ya watu wenye suti, na wewe ulikuwa umevaa suti."

Wakacheka kidogo, wote wawili. Kisha mzee akaacha kucheka.

"Ila wewe ulikuwa na namba yangu. Miaka sita. Ungepiga ukaniuliza, mzee umeandika nini pale, ingekugharimu vocha ya shilingi ngapi? Ukaona bora ukaulize grupu."

Hapo kijana hakuwa na la kusema, na hata angelikuwa nalo lisingefaa. Suala la maana ya neno lilikuwa limekwisha. Suala la jeneza lilikuwa bado limekaa sebuleni na chai yake. Unaweza kumsamehe mtu kwa kutojua Kiingereza kwa dakika moja, ila kumsamehe kwa kuamini haraka hivyo kwamba unamtakia mabaya, hiyo inachukua muda wake. Mzee hakusema amemsamehe. Alisema atafikiria, akamsindikiza hadi getini kwa sababu ni mtu wa heshima zake.

Kijana alifuta kile kipande kwenye akaunti yake na kuwaomba wengine wafute. Wengine walifuta. Kwenye magrupu bado kinazunguka, mitandao haina kurudi nyuma.

Jumamosi ya mahari kikao kilipangwa saa nne asubuhi. Wajomba wa kijana walikwama kwenye foleni ya Ubungo na wakawa wanapiga simu kuomba radhi. Walipoingia, saa tano kasoro, walimkuta mzee ameshakaa, kanzu nyeupe na koti juu, chai ya pili mkononi, anapiga stori na baba mdogo kama watu waliosoma darasa moja. Alikuwa amefika tangu saa tatu na nusu. Kijana akainama, "Shikamoo mzee." Akaitikiwa marahaba, ya kawaida, wala si ya moto wala si ya baridi, na mzee akageukia wajomba akawauliza bahasha iko kwa nani.